Nakala Moja, Wasomaji Kumi na Wawili: Namna ya Kusoma Vitabu vya Harakati na Watu wa Rika Zote

Tuna nakala moja ya Kuli, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotoka mwaka 1979. Jalada lilibanduka siku nyingi, na fundi cherehani wa mtaa wetu hapa Tanga akalishona upya kwa uzi wa viatu. Nakala hiyo imesomwa na watu kumi na wawili. Mdogo wao ana miaka saba, mkubwa ameshapita sabini. Hakuna hata mmoja aliyeiazima akaenda nayo kwake. Tuliisoma kwa sauti kibarazani kwa mama mmoja muuza vitumbua, kila Jumamosi baada ya alasiri, mpaka ikaisha.

Tangu hapo watu wananiomba orodha: vitabu gani vya harakati vinawafaa watoto, vipi vijana, vipi watu wazima? Vitabu nitavitaja humu chini, kila kimoja mahali pake. Ila orodha tupu nimeshaiona ikibandikwa ukutani ikapauka na jua. Kilichotusaidia sisi ni utaratibu, na ndio ninaouandika hapa pamoja na pale tulipoteleza.

Hatua ya kwanza: anza na kero, kitabu kifuate

Tulianza vibaya, na kosa lilikuwa langu. Nilichagua Viumbe Waliolaaniwa, tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha Frantz Fanon juu ya ukoloni, kwa sababu kilinitikisa nilipokuwa kijana. Jumamosi ya pili tulibaki watatu, na mmoja wetu alikuwa anasubiri vitumbua vyake viive.

Jumamosi iliyofuata niliacha kitabu nyumbani nikauliza swali moja tu: mwezi huu nini kimewaudhi hapa mtaani? Walizungumza mpaka magharibi. Maji ya bomba yanayotoka usiku wa manane. Vibarua wanaolipwa nusu na kuambiwa warudi kesho. Ushuru wa meza za sokoni. Niliyaandika yote, kisha nikatafuta kitabu kinachogusa kila moja.

Fanya hivyo hivyo. Kero ikiwa ni kazi na ujira, chukua Kuli, au tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki, ambamo mwanamke, Lanina, anawaongoza wafanyakazi wa shamba la tajiri. Ikiwa ni soko, ipo Kigogo ya Pauline Kea: mtawala wa Sagamoyo, Majoka, anafunga soko la Chapakazi, na vijana wawili, Tunu na Sudi, wanakataa kunyamaza. Ikiwa ni maji, Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia. Wanaolalamikia wakubwa wasioshaurika watacheka na kuumia kwa pamoja wakisoma Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, au Kusadikika ya Shaaban Robert. Huyu wa mwisho ni mtu wa kwetu Tanga, kwa hiyo mniwie radhi nikimrudia.

Hatua ya pili: tafuta nakala bila kufilisika

Vitabu vingi nilivyovitaja vimewahi kufundishwa shuleni. Mtaala ukibadilika, wanafunzi huviuza au huvitupa, na wauza vitabu vya mitumba huvipanga barabarani kwa bei ndogo. Kigogo ilikuwa kitabu teule cha sekondari Kenya kwa miaka kadhaa, na Kifo Kisimani kiliwahi kuwa hivyo kabla yake, basi nakala zake zimezagaa. Waulize walimu wa Kiswahili wastaafu. Wengi wana sanduku chini ya kitanda. Kagua kurasa kabla hujalipa. Nakala yetu ya kwanza ya Kifo Kisimani ilikuwa haina kurasa za katikati, na muuzaji aliapa kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

Nairobi wana bahati zaidi. Ipo Maktaba ya Ukombozi, iliyofunguliwa 2017, ambayo kazi yake hasa ni maandishi ya harakati. Zipo pia maktaba za Kaloleni na Makadara zilizofanyiwa ukarabati na shirika la Book Bunk, pamoja na ile kubwa ya McMillan katikati ya jiji. McMillan ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao, na Waafrika hawakuruhusiwa kuingia mpaka 1958. Ukiwapeleka watoto pale, waambie habari hiyo mlangoni kabla hawajaingia. Hawataisahau.

Kwa watoto wadogo, tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi za picha kwa Kiswahili, bure, na leseni yake inakuruhusu kuzichapisha na kuzigawa. Mojawapo ni ya Wangari Maathai na mbegu yake ndogo. Nilichapisha nakala sita kwenye duka la fotokopi.

Usitoe fotokopi ya riwaya nzima. Mwandishi wa Kiswahili anapata kidogo sana hata bila sisi kumwibia, na kwa kusoma kwa sauti nakala moja inatosha.

Hatua ya tatu: soma wewe kwanza, penseli mkononi

Vitabu vya harakati vina damu, na baadhi vina mambo ya chumbani. Vuta n'kuvute, riwaya nyingine ya Shafi kuhusu Yasmini anayeozwa mzee na Denge anayewapinga wakoloni Unguja, ni tamu kupita kiasi, lakini zipo kurasa ambazo sikuweza kuzisoma mbele ya mtoto wa miaka tisa huku bibi yake amekaa kando. Wekea alama kurasa hizo mapema. Pale unapozifikia simulia kwa maneno yako mawili matatu kisha endelea.

Lakini maumivu usiyafiche. Nilitaka kuruka tukio la Januari 1999 katika msitu wa Karura, Nairobi, ambapo Wangari Maathai alipigwa kichwani na walinzi kwa kwenda kupanda miti kwenye ardhi ya umma iliyokuwa inagawiwa watu binafsi. Mama wa vitumbua akanikatalia. Alisema watoto hawa wanaona watu wakipigwa mtaani kila mwezi, sasa nikiwaficha kwenye kitabu wataamini vitabu ndivyo vinavyosema uongo. Niliwasomea. Swali la kwanza la watoto lilikuwa: miti ilipandwa au haikupandwa?

Hatua ya nne: watoto waanze, wakubwa wamalizie

Hatukugawa vikundi viwili. Dakika ishirini za mwanzo ni za watoto na wakubwa wanasikiliza. Dakika arobaini zinazofuata ni za kitabu kikubwa, na mtoto anayetaka kubaki anabaki. Wengi hubaki.

Kwa watoto mpe kila mmoja kitu cha kufanya kinachotoka kwenye hadithi. Tarehe 5 Juni 1977, wanawake waliokuwa na Maathai walipanda miche saba katika uwanja wa Kamukunji. Nasi tulipanda saba, mmoja kwa kila mtoto. Baadaye nikawaeleza utaratibu wa Green Belt Movement, harakati ya Maathai ya kupanda miti: kina mama walilipwa fedha kidogo kwa mche ulioshika, na kupanda tu hakukutosha. Maofisa wa misitu walikuwa wakisema kupanda miti ni kazi ya wasomi wenye diploma. Basi watoto wetu wakawa wanahesabu kila Jumamosi. Mbuzi wa jirani alikula miwili. Mtoto mmoja akauliza kama mbuzi naye ni serikali, na hilo tulilijadili kwa uzito uliostahili.

Vijana wa sekondari ndio kazi ngumu. Wengi wao walisoma vitabu hivi kwa ajili ya mtihani, wakakaririshwa dhamira na wahusika hadi utamu ukaisha. Ukimwambia kijana leo tunasoma Kigogo anavuta uso. Dawa tuliyoipata ni kumpa nafasi ya kusema. Tamthilia isomwe na watu wengi, kila mmoja na mhusika wake. Kijana aliyekuwa anachezea simu pembeni tulimpa nafasi ya Sudi, mchongaji anayekataa kuchonga kinyago cha sherehe za uhuru japo anahitaji fedha. Alipofika pale mke wake anapomlaumu kwa umaskini, aliweka kitabu chini akasema, "Huyu ningechonga tu jamani." Tulibishana saa nzima.

Hatua ya tano: soma kwa sauti, na usione haya

Wapo wanaodhani kusomeana ni kwa wasiojua kusoma. Ngugi wa Thiong'o ameeleza yaliyotokea kwa riwaya yake ya Kigikuyu tunayoijua kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani, ile aliyoiandikia gereza la Kamiti kwenye karatasi za chooni. Ilipochapishwa, familia zilikusanyika jioni, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Kwenye baa, msomaji aliendelea mpaka glasi yake ikakauka; hapo aliweka kitabu chini mpaka wasikilizaji waagize nyingine. Sisi malipo ya msomaji ni kahawa na kitumbua kimoja, na kanuni ni ileile.

Kilichomfikisha gerezani nacho kinafaa kusimuliwa kikundini, kwa sababu kinaonyesha kwa nini kusoma pamoja kuliwahi kuonekana kitisho. Mwaka 1977, wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, walifanya mazoezi ya tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, ambayo Ngugi aliiandika na Ngugi wa Mirii. Mazoezi yalifanyika hadharani. Wafanyakazi wa viwandani na wakulima waliwasahihisha waandishi pale maneno yalipokuwa si yao. Ukumbi wa wazi waliujenga wenyewe. Tamthilia ilianza kuonyeshwa mwanzoni mwa Oktoba, ikapigwa marufuku katikati ya Novemba, na mwisho wa Desemba Ngugi akawekwa kizuizini bila kufunguliwa kesi. Mwaka 1982 serikali ikaubomoa ukumbi.

Msomaji asome polepole, asimame kwenye neno gumu. Tulipokuwa kwenye Kuli tulikuwa na mzee aliyebeba marobota ya mkonge bandarini Tanga tangu ujana wake, enzi meli zikitia nanga mbali na mizigo ikienda na kurudi kwa matishari. Kila mara alitukatiza: kamba haifungwi hivyo, serang'i, yaani mnyapara wa makuli, hasemi hivyo. Mwanzoni niliona anatuchelewesha. Baadaye nikagundua watu wanamjia yeye kuliko kitabu. Siku moja akatuambia kwamba wakubwa zake kazini walikuwa wakisimulia mgomo wa makuli wa hapa hapa Tanga mwaka 1939. Nilikwenda kutafuta, nikakuta ni kweli. Ukiongeza Mombasa Januari 1947, Dar es Salaam Septemba mwaka huo huo, na Unguja 1948 ambako ndiko Kuli inakosimulia, unaona pwani nzima ilivyoamka bandari moja baada ya nyingine. Mimi nimesoma Tanga kuanzia darasa la kwanza na sikuwahi kuambiwa.

Hatua ya sita: uliza kuhusu kazi, shujaa mwache kidogo

Hii ndiyo hatua ninayoijali kuliko zote. Vitabu vingi vya harakati, hasa vya watoto, vina mtu mmoja mwenye uso mzuri jaladani. Mtoto anafunga kitabu akijua kwamba zamani kulikuwa na mtu jasiri. Hilo halimsaidii Jumatatu.

Chukua habari za Rosa Parks. Katika vitabu vya picha, mama amechoka, amekaa kwenye basi mjini Montgomery, Marekani, Desemba 1955, amekataa kumpisha Mzungu, na dunia ikabadilika. Sasa uliza kazi ilifanywa na nani. Parks alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, mjini humo kwa miaka mingi, na kiangazi cha mwaka ule alikuwa amehudhuria mafunzo ya harakati katika shule ya Highlander, Tennessee. Usiku aliokamatwa, mwalimu wa chuo Jo Ann Robinson alikesha kwenye mashine ya kurudufu akitoa maelfu ya vikaratasi vya kuwaita watu wagome kupanda mabasi. Kisha watu wakatembea kwa miguu na kupeana lifti kwa siku 381. Viatu viliisha. Mtu alipanga magari, mwingine akalipia mafuta. Robinson aliandika kitabu chake mwenyewe juu ya kina mama waliouanzisha mgomo ule, kikatoka 1987. Kipo kwa Kiingereza. Kwetu alikisoma binti mmoja anayesoma chuo, akaja kutusimulia kwa Kiswahili kwa Jumamosi mbili. Njia hiyo itumieni kwa kitabu chochote msichokipata kwa Kiswahili, kikiwemo Unbowed cha Maathai mwenyewe.

Tuna daftari lenye maswali ambayo hatuyaruki, kitabu chochote kile. Nani aliandika barua au tangazo? Nani alipika? Fedha zilitoka wapi? Nani aliogopa, na alikuwa na sababu gani? Nani alisaliti, na aliahidiwa nini? Walijaribu nini kikashindikana kabla ya kile kilichofaulu?

Swali la usaliti ndilo lililotuchoma tulipofika mwisho wa Kifo Kisimani. Mwelusi anaupinga utawala wa Mtemi Bokono unaowanyima watu maji, lakini mkono unaomuua pale kisimani ni wa ndugu yake Gege, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mtemi. Mtoto wa miaka saba alikasirika mpaka akataka turudi nyuma tusome tena, labda itakuwa vingine. Wakubwa walinyamaza. Nadhani kila mmoja alikuwa anamfikiria Gege wa kwao.

Hatua ya saba: wape wazee mashairi

Riwaya ndefu humchosha mzee mwenye macho mabovu. Shairi halimchoshi. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ndiyo tuliyoianza. Mwaka 1968 Abdilatif aliandika karatasi ya siasa yenye kichwa Kenya: Twendapi?, na akafungwa miaka mitatu. Mashairi aliyaandikia gerezani, naye kwenye karatasi za chooni. Kitabu kilitoka 1973, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Kibaraza kizima kilicheka, halafu kikanyamaza.

Lugha yake ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, na watu wa bara itawabidi watafute mwenyeji wa pwani ya kaskazini. "Siwati" ni "siachi". Msome beti mbili, msimame, muelezane. Anayejua kughani aghani. Shairi la arudhi likisomwa kama gazeti linapoteza nusu ya nguvu zake.

Mzee anayependa hadithi kuliko mashairi mpe Kusadikika. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha sheria katika nchi isiyotaka watu waijue, na anajitetea kwa siku sita kwa kusimulia wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kutafuta mema, wakarudi nayo wakatupwa gerezani. Mjumbe mmoja kwa Jumamosi moja, inakaa vizuri kabisa. Shaaban Robert aliichapisha 1951, Mwingereza akiwa bado yupo, bila kumtaja Mwingereza hata mara moja. Vijana wetu waliielewa hila hiyo upesi kuliko nilivyotarajia. Wanaitumia kila siku kwenye vikundi vya WhatsApp.

Hatua ya nane: mjulishe mjumbe, kisha fanyeni jambo moja dogo

Watu kumi na wawili wakikutana kila wiki kuzungumzia migomo, habari itafika. Sisi tulimwarifu mjumbe wetu wa mtaa mapema na kumkaribisha; alikuja mara mbili, akasoma nafasi ya Majoka na akaifurahia kupita kiasi. Waarifuni pia wazazi wa watoto ni kitabu gani kinasomwa. Wakati wa kampeni za uchaguzi sisi tulisoma mashairi tu.

Jambo dogo litoke kwenye kero mliyoanza nayo. Baada ya Kifo Kisimani, watoto waliamua kuandika saa ambazo maji yanatoka, mwezi mzima, kwenye ile daftari. Wawili waliamshwa na mama zao saa nane za usiku ili waandike. Fundi cherehani akaipeleka karatasi ofisini kwa wahusika. Aliambiwa aiache mezani. Alikataa kuiacha, akaomba wapige muhuri wa kupokea kwenye nakala yake, kwa sababu katika vitabu vyote tulivyosoma ameona karatasi zinazoachwa mezani zinavyoishia. Muhuri ulipigwa. Maji bado yanatoka usiku, ila sasa yanatoka saa nne.

Kitabu kinachofuata ni Nguzo Mama, tamthilia ya Penina Muhando kuhusu wanawake wa kijiji cha Patata wanaohangaika kuisimamisha nguzo. Inahitaji Bi Moja hadi Bi Nane, na sisi kina mama tunao sita. Mama wa vitumbua ameshajitwalia Bi Nane na hataki mjadala.